Jirani Yako Yupo?

Jumatano, 3 Aprili

Jana shule ilifungwa, leo mvua imefunguliwa. Mwalimu wetu wa lugha ametaka kila mtu aandike shajara likizo hii, hata siku isiyo na jambo iandikiwe mstari mmoja, kwa sababu kusoma bila kuandika ni kula bila kupika. Darasa zima lilicheka. Mimi nilinunua daftari.

Pacha alikuja mchana, miguu yote tope, na habari mbili. Ya kwanza aliitangaza tangu mlangoni: "Wamekubali!" Tunakwenda safari ya basi ya kuzunguka kisiwa, mimi, yeye na mwenzetu Kamera, mabegi mgongoni kama watu wazima. Msimu wa mvua nauli inashuka, ndiyo maana wazazi wameafiki. Sharti lao ni moja, shangazi yake Pacha aende nasi. Habari ya pili aliisema akiwa ameinama anafunga kamba za viatu. Baba yake amehamishwa kikazi, na muhula ujao yeye hatakuwa shuleni kwetu.

Nilisema, "Aa." Ndiyo yote niliyosema.

Hatukuzaliwa na mama mmoja. Tulizaliwa usiku mmoja, wodi moja, na mama zetu wakatoka pale wakiwa marafiki, ndipo tukaitwa mapacha. Tangu darasa la kwanza yeye ndiye sauti yangu. Mwalimu akiita jina langu naitika, lakini hasikii, basi Pacha anaitikia kutoka dawati la nyuma: "Yupo, mwalimu!" Dukani ananiagizia. Simu ya mtu nisiyemjua ananipokelea. Muhula ujao sijui nani atasema kwamba nipo.

Alhamisi, 4 Aprili

Mvua. Nimefunga begi. Mama alilinyanyua, akalitua. "Vitabu vyote hivi? Unakwenda kutalii au kufungua maktaba?" Nikatoa kimoja. Alipogeuka nikakirudisha.

Jumamosi, 6 Aprili

Kivuko kilituteremsha kisiwani asubuhi, tumelowa kabla hata ya kuona chochote. Basi ni kuukuu, limepakwa picha za samaki ubavuni. Viti ni viwili viwili. Sisi ni wanne, kwa hiyo hesabu ingeweza kwenda namna mbili, ila Kamera alikuwa ameshamshika Pacha mkono. "Twende nyuma, huko ndiko picha zinatoka vizuri!" Kamera ni wa darasani kwetu, jina lake kila mtu amelisahau. Anapiga picha hata sahani iliyokwisha kuliwa.

Mimi nimekaa mbele na Shangazi. Shangazi ni muuguzi wa zamu za usiku. Alivaa mto wake wa shingoni, akaegemea kioo, akaniambia, "Mwanangu, nyinyi tazameni kisiwa. Mimi nimekuja kutazama kope zangu." Akalala kabla basi halijatoka bandarini.

Kiongozi wa safari ni kijana mwenye filimbi shingoni na sauti iliyokauka. Anasema kuhesabu vichwa kunamchanganya, kwa kuwa wengine hulala wamejikunja, wengine huinama kutafuta viatu. Kwa hiyo ana utaratibu wake. Kila tunapotaka kuondoka anapiga filimbi na kuuliza, "Jirani yako yupo?" Kila mtu anamgusa aliye pembeni yake begani na kujibu, "Yupo!" Hakuna anayejijibia mwenyewe. Ukijijibia anakukatalia: "Wewe najua upo, kelele zako nazisikia. Nataka jirani."

Nilimgusa Shangazi bega nikasema yupo. Yeye alinigusa goti huku amefumba macho, akasema yupo. Sijui alijuaje.

Jumapili, 7 Aprili

Ufuko umefungwa kwa sababu ya mawimbi. Tumeutazama kupitia kioo.

Jumatatu, 8 Aprili

Tumelala nyumba ya wageni yenye vitanda vya ngazi. Soksi zimeanikwa kila mahali hadi kwenye kitasa cha mlango, na hakuna hata moja iliyokauka. Mabega yangu yana alama nyekundu za mikanda ya begi. Pacha na Kamera wanacheka kwa mambo yaliyotokea kule nyuma ya basi, mambo ambayo nikielezwa hayachekeshi, na wao wanaona hayachekeshi, basi wanaacha kunieleza.

Shangazi aliamka kula. Bwana mmoja mwenye karatasi ya ratiba mfukoni, anayeitoa kila kituo na kutangaza tumechelewa kiasi gani, alimuuliza kama sisi watatu ni wanawe. Tunamwita Bwana Ratiba.

"Huyu wa kaka yangu," Shangazi alisema akimwonyesha Pacha, kisha mimi, "na huyu nilimpokea mimi mwenyewe. Nilikuwa zamu usiku ule. Yule alizaliwa analia mpaka mlinzi wa getini akaja kuuliza kuna nini. Huyu tulimpiga matako, tukampiga tena, akatoa kasauti kama paka aliyefungiwa kabatini. Daktari akasema, haya, inatosha kuandikia cheti. Mimi nikasema haitoshi, ngojeni. Mpaka leo nangoja."

Meza nzima ilicheka. Pacha pia. Mimi nilikuwa natoa mfupa wa samaki ambao haukuwepo.

Jumanne, 9 Aprili

Tumekwenda kuona maporomoko ya maji. Yaliporomoka, nasi tukaporomokewa. Kamera analalamika kwamba kiti cha dirishani kule nyuma kinavuja. Kona za milimani zimemchafua tumbo.

Jumatano, 10 Aprili

Naandika nimejifunika mablanketi mawili. Nitaandika polepole, kwa sababu vidole bado vizito.

Asubuhi Kamera aliomba kukaa mbele na Shangazi, kwa kuwa mbele hakurushi sana. Hivyo mimi nikahamia nyuma, kiti cha dirishani, pembeni ya Pacha. Nilifurahi mpaka nikaona haya. Tulizungumza njia nzima, yaani yeye alizungumza, na mimi nilikuwa nimelipakata begi langu na kulifunika koti la mvua, maana maji yalidondoka kutoka juu tone baada ya tone.

Tulifika kwenye mnara wa taa, kwenye rasi ya kaskazini. Mvua ilikuwa ya kumwagwa kwa ndoo. Wengi walikataa kushuka.

"Twende," nilimwambia Pacha.

"Taa hata nyumbani ipo," alisema. Alikuwa na simu ya Kamera, anachagua picha. "Nenda, utanisimulia."

Nikaliegemeza begi kitini, nikalivika koti langu, kofia juu, ili vitabu visilowe.

"Sasa wewe je?"

"Mimi nitakauka. Vitabu havikauki."

Nilikimbia hadi chini ya mnara. Kuna chumba cha mlinzi wa zamani, siku hizi taa inajiwasha yenyewe. Kuna kitanda cha chuma kisicho na godoro, meza, na kulabu moja ya kutundikia koti. Moja tu. Niliitazama ile kulabu muda mrefu kuliko nilivyotazama bahari. Nilikuwa nafikiria mtu aliyeishi hapa alizungumza na nani, na kama sauti yake ilipotea au iliongezeka. Paa ni la bati. Katika mvua ile hata tarumbeta nisingeisikia, sembuse filimbi.

Nilipotoka, basi lilikuwa linarudi nyuma kugeuza.

Niliita, "Subirini!" Ilitoka sauti yangu ile ile ya darasani. Nikakimbia, nikateleza, nikaanguka kwa magoti. Nilipoinuka niliwaona samaki waliopakwa ubavuni wakipita, halafu taa nyekundu, halafu barabara tupu.

Nilirudi kukaa kwenye kizingiti cha chumba. Simu ilikuwa begini. Mwanzoni sikuogopa. Nilijiambia, Pacha yuko pembeni ya kiti changu, atageuza shingo, atapiga kelele, na kelele za Pacha tunazijua. Watageukia pale pale kwenye kona. Nikaitazama kona. Mvua ikanenepa, ikakonda, ikanenepa tena. Meno yakaanza kugongana. Nikajiambia labda hakuna mahali pa kugeuzia basi. Nikajiambia labda lile ni basi lingine lenye samaki. Baadaye nikaishiwa la kujiambia.

Waliporudi, nguo zilikuwa zimenigandia mwilini. Wa kwanza kuruka chini, basi halijasimama, alikuwa Kamera, mgonjwa yule, akiwa na mfuko wake wa kutapikia mkononi. Nyuma yake Kiongozi, ambaye alikuwa amesahau filimbi mdomoni, kwa hiyo kila pumzi yake ilipiga kelele. Shangazi alinivua, akanisugua kwa taulo kama sufuria. Pacha alibaki mlangoni, ameshika bomba la kujishikilia.

Nikaja kujua ilivyokuwa. Kiongozi aliuliza, "Jirani yako yupo?" Pacha, macho kwenye picha, akanyoosha mkono, akagusa koti langu begani, akasema, "Yupo!" Wakaondoka. Akaendelea kusimulia picha, na begi likamsikiliza. Kamera ndiye aliyekuja nyuma kuniomba mfuko mwingine. Aliniita, nikanyamaza, jambo la kawaida. Akainua kofia ili anitazame usoni, akakuta zipu.

"Nilikugusa," Pacha aliniambia. "Wallahi nilikugusa."

"Uligusa begi."

"Lilikuwa na koti lako!"

Mtu mmoja mbele akacheka. Halafu mwingine. Kisha na Pacha.

Bwana Ratiba alitoa karatasi yake, akaikunjua, akatutazama, akairudisha mfukoni. Nimemshukuru kimoyomoyo.

Alhamisi, 11 Aprili

Nimepata jina jipya. Jina langu ni Begi. "Begi amekula?" "Begi, sogea." Kiongozi akiuliza jirani yako yupo, mtu wa katikati ya basi anajibu, "Begi yupo!" na basi zima linaangua. Sidhani wana ubaya. Wamechoka, wamelowa, wamekosa bahari, na hiki ndicho kitu pekee kilichotokea. Lakini aliyewasimulia vizuri zaidi wakati wa chakula, kwa kuigiza jinsi alivyolisogelea begi na kulinong'oneza, alikuwa Pacha.

Nimerudi mbele kwa Shangazi. Koti lipo mwilini mwangu.

Jioni tulikuwa chumbani tunakamua soksi. Shangazi alikuwa amejilaza, uso ukutani.

"Umeninunia," Pacha alisema.

"Hapana."

"Umeninunia. Ilikuwa bahati mbaya. Nimeshasema samahani."

"Hujasema."

"Basi nasema. Samahani."

Nikasema alichonifanyia mezani kilikuwa kibaya kuliko cha mnarani.

"Nini? Sema kwa sauti."

Nikarudia.

"Ona! Hata kugombana unataka nisogee karibu ndipo nikusikie!" Soksi ilikuwa mkononi mwake, inammwagia maji mguuni, haoni. "Unajua mimi nimekuitikia tangu lini? Nikiumwa, nisipokuja shule, wewe unahesabiwa hujafika na umekaa pale pale! Unajua mama yako alimwambia nini mama yangu kuhusu safari hii? 'Sina wasiwasi, mradi Pacha yupo.' Mradi Pacha yupo! Kila kitu, mradi Pacha yupo. Na Pacha akichoka?"

"Umechoka?"

"Nimechoka, ndiyo." Akakaa kitandani. "Mara moja tu nilitaka kukaa kwenye basi nisimchunge mtu. Halafu siku ile ile unapotea. Unadhani nilicheka kwa nini? Ningefanyaje, nilie mbele ya basi zima?"

Kutoka ukutani sauti ya Shangazi ikasema, "Wodi hii ina kelele. Kama hakuna anayejifungua, zimeni taa."

Tukazima.

Ijumaa, 12 Aprili

Mvua. Tumekaa ndani ya basi, basi limekwama matopeni, sisi tumekwama ndani yake.

Jumamosi, 13 Aprili

Sijazungumza na Pacha tangu juzi. Kamera anakwenda na kurudi kati ya viti: "Pacha anauliza kama dawa ya meno unayo wewe." "Mwambie iko mfuko wa pembeni." Mchana alisimama katikati ya njia ya basi, mikono kiunoni. "Mimi si posta. Kesho mtakaa wawili, mniache na Shangazi, angalau yeye akinyamaza najua amelala."

Nilikuwa namwona Kamera msichana wa picha na vicheko tu. Siku nzima leo alikuwa rangi ya majivu na bado alinipigia picha mimea niliyotaka kujua majina yake, bila kuombwa. Simwelewi tena kama nilivyodhani namwelewa.

Tulisimama kwenye mji mdogo. Dawa ya tumbo ya Kamera ilikuwa imekwisha, Shangazi akaniandikia jina la dawa kiganjani kwa kalamu, akarudi usingizini. Dukani nilisimama mbele ya dirisha, nikasubiri. Nilikaa hivyo kidogo kabla ya kugundua ninachosubiri. Nilikuwa nasubiri Pacha aseme. Nikageuka, nyuma yangu kulikuwa na mzee anayetaka plasta.

"Binti, unanunua au unapanga foleni ya kesho?" akauliza.

Nikasema jina la dawa. Muuzaji akatega sikio. Nikasema tena, nikamwonyesha na kiganja. Wino ulikuwa umetiririka na mvua, hausomeki. Nikasema mara ya tatu, akaleta.

Nilitoka nimevishika vile vidonge vya tumbo kwa mikono miwili. Ikanijia kwamba Pacha amefanya hivi kwa niaba yangu dukani, ofisi ya shule, zahanati, kwenye simu, kila siku, akiwa na haja zake mwenyewe za kusema. Sijawahi kumuuliza kama kunachosha. Nilidhani yeye hachoki, kama bomba lisivyochoka kutoa maji.

Jumapili, 14 Aprili

Siku ya mwisho. Nataka niiandike sawasawa.

Kamera alitimiza neno lake. Mimi dirishani, Pacha kando ya njia. Begi langu nililiweka chini, miguuni. Njia nzima hatukusemezana. Alikuwa amechoka kweli, nikimtazama kwa jicho la pembeni. Midomo imepauka, kope zimevimba. Alisinzia kidogo, kichwa kikaniangukia begani, akashtuka, akakiondoa.

Kabla ya bandari tulisimama kwenye kituo cha mafuta. Kivuko ni cha mwisho leo, kesho hakuna, bahari imechafuka. Bwana Ratiba alikuwa amesimama tangu kituo kilichopita. "Choo haraka! Anayetaka kulala kisiwani aseme mapema!"

Nilishuka, nikarudi, nikageuzia uso dirishani, kwa kuwa bado tulikuwa tumenuniana. Basi likajaa, vioo vikaingia ukungu. Mvua ilikuwa inapiga paa la basi kama ilivyopiga lile bati la mnarani. Dereva akawasha injini. Kiongozi akapiga filimbi, amechoka hata kuuliza sawasawa.

"Jirani yako?"

"Yupo!" Basi zima, kwa pamoja, kama wimbo uliokwisha ladha. "Na Begi yupo!" akaongeza yule wa katikati.

Mkono wangu ulikuwa tayari umekwenda pembeni. Uligusa sweta la Pacha, lililotundikwa mgongoni mwa kiti. Lilikuwa baridi.

Nikasema, "Hayupo."

Hakuna aliyesikia. Basi likaanza kusogea.

"Hayupo," nikasema tena. Mama wa kiti cha mbele akageuza shingo nusu, akairudisha. Niliona pampu za mafuta zinaanza kwenda nyuma. Nilijua kabisa jinsi taa nyekundu zinavyoonekana ukiwa nje.

Sijui ilitoka wapi. Nilisimama, nikashika kiti, na nikasikia mtu anapiga kelele, "HAYUPO! SIMAMISHA! JIRANI YANGU HAYUPO!" Koo likaniuma, ndipo nikajua ni mimi.

Dereva alikanyaga breki, mabegi yakaanguka kutoka juu. Kila mtu aligeuka. Kiongozi alikuwa ameshika filimbi kana kwamba imemuunguza. Katika safari zake zote, alituambia baadaye, hakuna mtu aliyewahi kumjibu hayupo.

Mlango ulifunguliwa. Pacha alitokea nyuma ya kituo, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, anakimbia katika madimbwi. Mlango wa choo ulikuwa umemkwamia. Alipanda, akaja mpaka nyuma, anahema, maji yanamtoka kila mahali.

"Nilikuwa naugonga mlango kwa kiatu," alisema. "Nikakusikia. Chooni! Na mvua yote hii." Akanitazama kama mtu anayenifananisha. "Nilidhani ni Shangazi."

Mbele kabisa Shangazi alikuwa amesimama, macho wazi, mto shingoni.

"Mimi nimo humu, siyo mimi," alisema. Kisha akaniambia mimi, kwa sauti ile ya wodini, "Haya. Sasa ndiyo umelia. Ingetufaa usiku ule." Akakaa, na nadhani akalala.

Pacha alikaa. Alikuwa anatetemeka. Nikalitoa koti langu la mvua, nikamfunika. Kiongozi akauliza upya, mara hii akitutazama sisi tu.

Nikamgusa bega. Lilikuwa na joto chini ya unyevu.

"Yupo."

Pacha akanigusa na mimi, akalibinya bega mpaka likauma. Alisema, "Yupo," polepole sana. Nadhani ni mimi tu niliyesikia.

Tuliwahi kivuko. Bwana Ratiba alisema tumechelewa, lakini hakutoa karatasi.

Jumatano, 24 Aprili

Nimesaidia kubeba maboksi yao kwenye lori. Nilipomaliza, Pacha alikuwa amekaa juu ya boksi la vyombo, hana la kusema. Sijawahi kumwona hivyo tangu nimjue. Nikamsemea kwa mama yake: amechoka, anaomba maji.

Jumatatu, 6 Mei

Shule imefunguliwa. Mvua imepungua. Viatu vyangu vya safari bado vinanuka.

Mwalimu ameita majina. Alipofika kwa Pacha, akaita, akangoja, akaita tena. Hakuna aliyemwambia. Nilisimama.

"Hayupo, mwalimu. Amehama."

Alikuwa anatafuta sauti imetoka wapi, akaanza na dawati la nyuma.

Akaendelea. Akafika kwa jina langu. Nje ya dirisha wanafunzi walikuwa wanakokota madawati, na Kamera alikuwa ananitazama, mdomo umefunguka tayari kunisaidia. Nikatikisa kichwa.

Nikasema, "Nipo."

Mwalimu hakusikia. Nikasema tena.